Sura ya Tano: Mkeka Juu ya Titani

Kaanga yai kwenye sufuria kavu, bila tone la mafuta, halafu jaribu kulitoa. Utakwangua kwa kijiko, utailoweka sufuria usiku kucha, na asubuhi bado utakuta utando mwembamba umegandia pale chini. Kila aliyewahi kuosha vyombo anajua kwamba protini ikikutana na chuma, kuachana huwa kazi.

Yai huhitaji moto ili ling'ang'anie namna hiyo. Damu haihitaji. Protini zilizomo ndani yake hushika karibu kila kitu kigeni kinachoingizwa mwilini, kwa joto letu la kawaida, tena kabla daktari hajaweka chini koleo lake. Utando unaotokea ni mwembamba mno: ukipanga tando kama elfu kumi, moja juu ya nyingine, ndipo utakaribia unene wa unywele mmoja. Lakini huo ndio unaoamua kama skrubu ya jino bandia itashikana na taya kwa miaka arobaini au italegea mwaka wa pili.

Tunasema "fulani amewekewa chuma", na tunamwona yule ndugu yetu ana mfupa upande huu, chuma upande ule, na viwili hivyo vimegusana. Picha hiyo si sahihi. Seli ya mfupa haikigusi chuma. Inachokigusa ni kile kilichotandikwa juu yake.

Kopo lililogoma kutoka

Mwaka 1952, katika mji wa Lund, Uswidi, daktari kijana aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Alipachika kwenye miguu ya sungura vikopo vidogo vya titani vyenye kioo, akawa anachungulia kwa hadubini kama mtu anayechungulia dirishani. Vikopo hivyo vilikuwa ghali, kwa hiyo utafiti ulipokwisha alitaka kuvitoa ili avitumie tena. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umekua hadi ndani ya mikwaruzo ya titani, na kikopo kikawa kama sehemu ya mguu.

Mtu mwingine angelaani hasara ile. Brånemark aliona kilichokuwa mbele yake. Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakiamini kwamba mwili hukizungushia kitu kigeni kifuko cha nyama ngumu, kama chaza anavyokizungushia lulu kitu kilichomwingia, na kwamba mfupa hauwezi kupatana moja kwa moja na metali. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani kwenye taya la chini. Mgonjwa huyo alifariki mwaka 2006, na skrubu zilikuwa bado zinafanya kazi. Brånemark alikuwa ameupa mshikamano huo jina: osseointegresheni, yaani mfupa na kipandikizi kuwa kitu kimoja.

Jina hilo lilieleza kilichotokea, lakini halikueleza kimetokeaje. Titani yenyewe haina mvuto wowote kwa seli. Tena mara tu inapokutana na hewa, titani hujivika oksaidi, ganda lenye unene wa nanomita chache tu, na ganda hilo ndilo linalokutana na mwili. Juu ya ganda huja maji. Juu ya maji huja chumvi na protini za damu. Seli-fundi, zile zinazojenga mfupa na ambazo wataalamu huziita osteoblasti, hufika mwisho kabisa. Maji hufika katika sehemu ndogo mno ya sekunde, protini huanza kujipanga ndani ya sekunde, na seli huja baada ya dakika hadi saa kadhaa. Zinapofika, titani imeshafunikwa zamani.

Watoto wa mbele kwenye mkeka

Aliyetufundisha kuutazama utando huo kwa makini alikuwa Leo Vroman, Mholanzi mwenye kipaji cha kufanya mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai nyumba moja: alikuwa mtafiti wa damu na mshairi mashuhuri wa Kiholanzi. Mwaka 1940, Wajerumani walipoivamia Uholanzi, alikimbia kwa mashua hadi Uingereza. Kutoka huko alifika Java, akakamatwa na Wajapani na kukaa kambini hadi vita vilipokwisha, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1962 alichapisha katika jarida la Nature uchunguzi mdogo wenye uzito mkubwa: nyuso zinazokataa maji na zile zinazoyakubali hubadilika tabia zikiguswa na protini za damu. Maana yake ni kwamba tangu dakika ya kwanza uso ule si ule tena.

Baadaye Vroman na wenzake waligundua kwamba utando huo hautulii. Protini zinazotua kwanza huondoka na kupisha nyingine. Leo tunaiita hali hiyo athari ya Vroman, na namna rahisi ya kuielewa ni kukumbuka mkeka wa maulidi. Mkeka ukishatandikwa tu, watoto ndio wanaokuja kwanza. Ni wengi, ni wepesi, wanakimbia, na dakika moja haipiti kabla hawajajaza safu ya mbele. Halafu wanakuja watu wazima, mmoja mmoja. Wanatembea taratibu, lakini wakifika mtoto anasogezwa. Mwisho wanakuja wazee wenye magoti mazito, na mzee akishaketi hapo, hakuna wa kumwinua.

Kwenye damu, watoto wa mbele ni albumini. Ni ndogo na imejaa tele: katika lita moja ya plazma kuna takriban gramu 35 hadi 50 za albumini, ilhali fibronektini, mojawapo ya protini zitakazotushughulisha katika sura hii, haifiki hata nusu gramu. Kwa hiyo albumini hutangulia. Baada yake huja protini kubwa zaidi, zenye mikono mingi ya kushikia, nazo huiondoa.

Mfano wangu una mipaka yake. Mtoto kwenye mkeka akisogezwa huondoka mzima. Protini inaweza kukaa muda mrefu kiasi cha kulegea, ikajitandaza na kuongeza mikono ya kushikia, hadi ikawa haiondoki tena. Kwenye uso unaokataa maji, kama plastiki, mara nyingi hukunjuka na kubaki hapo. Kwenye uso unaokubali maji hushika kwa ulegevu zaidi na hupisha zaidi. Ndiyo sababu vipandikizi viwili vilivyolowekwa ndani ya damu ileile vinaweza kuishia na mikeka miwili tofauti.

Kwa seli-fundi, tofauti hiyo si ndogo. Albumini haina pa kushikia. Seli ikitua juu yake huteleza. Wafanyakazi wa maabara wanalijua hilo vizuri sana, kiasi kwamba wakitaka seli zisishike mahali fulani, hupapaka albumini. Wakitaka zishike, hupaka fibronektini, vitronektini au kolajeni.

Herufi tatu

Seli huitambuaje fibronektini na kuipuuza albumini? Jibu lilianzia kwenye saratani. Richard Hynes alizaliwa Nairobi mwaka 1944 na kukulia Liverpool. Mwaka 1973, akiwa London, alionyesha kwamba kuna protini kubwa iliyo juu ya seli za kawaida na ambayo hupungua sana seli zinapogeuka kuwa za saratani. Seli za kawaida hushika chini na kujitandaza. Za saratani hulegea na kuviringika. Protini iliyokuwa ikipotea ndiyo iliyokuja kuitwa fibronektini, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya uzi na kufunga.

Fibronektini ni uzi mrefu wa aina yake. Ina nyuzi mbili zilizofungwa pamoja upande mmoja, na kila uzi una asidi amino zaidi ya 2,000 zilizofuatana kama shanga. Mfini Erkki Ruoslahti na mwenzake Michael Pierschbacher, wakiwa La Jolla, California, waliikata shanga hiyo vipande vipande na kuuliza swali moja kwa kila kipande: wewe peke yako unaweza kuishika seli? Waliendelea kukata, kipande kikawa kifupi na kifupi zaidi, na seli bado zinashika. Mwaka 1984 walitangaza kwamba katika shanga zile zote maelfu, kiini cha mshiko ni tatu tu: ajinini, glisini na asidi aspatiki. Wataalamu huziandika kwa herufi tatu, RGD.

Upande wa seli, mkono unaozishika herufi hizo ni protini inayopita kwenye ngozi ya seli, kichwa nje na mkia ndani. Mwaka 1986 kundi la Hynes liliipa jina integrini, kwa kuwa inaunganisha mifupa ya ndani ya seli na ulimwengu wa nje. Binadamu ana integrini za aina 24, kila moja na vitu inavyopenda kushika. Mwaka 2022 Hynes, Ruoslahti na Timothy Springer walitunukiwa Tuzo ya Lasker kwa ugunduzi huo.

Ukitaka kuona maana ya haya yote, kaa kwenye hadubini. Seli-fundi iliyoangushwa juu ya kioo kilichopakwa fibronektini hufika ikiwa duara kama gololi. Kwa dakika kadhaa huonekana haifanyi kitu. Kisha ukingo mmoja huanza kutoa vidole vyembamba vinavyopapasa huku na kule, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kidole kikipata mshiko, integrini nyingi hukusanyika hapo, na ndani ya seli kamba hufungwa kutoka mshiko huu hadi ule. Seli hujivuta, hujitandaza, na baada ya saa chache gololi imekuwa chapati. Hapo ndipo inapoanza kazi: huzaliana, hutema kolajeni, na baada ya wiki kadhaa huweka madini.

Ikikosa mshiko, seli haisubiri hadi kesho. Hujiua. Mwaka 1994 kifo cha namna hiyo kilipewa jina anoikisi, lililotungwa kutoka Kigiriki kwa maana ya kukosa makazi. Hivyo basi, kwa seli-fundi, kushika ni ruhusa ya kuishi.

Hata umbali kati ya mshiko na mshiko una hesabu yake. Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani walipanga nukta za dhahabu kwenye kioo, kila nukta ikibeba ndoano ya RGD na ikiwa ndogo kiasi cha kutosha integrini moja tu. Nukta zilipoachana kwa nanomita 58, seli-fundi za panya zilishika na kujitandaza vizuri. Zilipoachana kwa nanomita 73, mshiko ulidhoofika. Tofauti hiyo ya nanomita 15 haionekani kwa hadubini ya kawaida, lakini seli iliipima.

Si wingi, ni namna ya kukaa

Kwa kusoma hadi hapa, mtu angesema dawa ni rahisi: paka fibronektini nyingi kwenye skrubu, basi. Jaribio lililofanywa Atlanta, Marekani, na Andrés García na wenzake wa Georgia Tech, linatuonyesha kwa nini sivyo.

Walitandaza dhahabu kwenye vioo, wakaotesha juu yake molekuli nyembamba zilizosimama wima kama nyasi za zulia. Mazulia yalikuwa manne, yakitofautiana kwenye ncha tu: moja lilikuwa na ncha ya kukataa maji, jingine ya kupenda maji isiyo na chaji, la tatu yenye chaji hasi, la nne yenye chaji chanya. Kisha walihakikisha kwamba kila zulia limebeba fibronektini ya kiasi kilekile, wakaweka seli-fundi za panya.

Kama wingi ungekuwa ndio jambo, mazulia yote yangelingana. Hayakulingana. Kwenye zulia la kupenda maji lisilo na chaji, fibronektini ilikuwa imekaa vizuri, RGD yake ikiwa wazi pamoja na sehemu jirani inayoisaidia, na ile integrini inayoipenda hasa fibronektini ikashika kwa nguvu. Kwenye zulia la kukataa maji, protini ileile ilikuwa imekunjuka vibaya, na mshiko huo ukawa hafifu kuliko kote. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005, tofauti hiyo ilifika hadi kwenye kazi yenyewe: seli zilizokuwa kwenye zulia la kupenda maji na lile la chaji chanya ziliweka madini zaidi.

Turudi kwenye mkeka. Mzee amefika na ameketi, lakini ameketi akiwapa watu mgongo. Ukihesabu waliohudhuria, yumo. Ukitaka kumpa mkono, huwezi.

Tena fibronektini si mzee pekee. Mwaka 1994 watafiti wa Australia walichukua seli za mfupa wa binadamu, wakaziweka kwenye plastiki ndani ya majimaji ya damu yaliyoondolewa protini moja moja. Walipoondoa fibronektini, seli ziliendelea kushika. Walipoondoa vitronektini, mshiko ulianguka. Katika damu halisi, ambamo protini zote zinagombea nafasi, vitronektini inaonekana kuwa hodari zaidi wa kujipatia mahali. Kinachofanya vizuri kikiwa peke yake ndani ya bakuli la maabara si lazima kiwe ndicho kinachobaki kwenye mkeka.

Mgeni asiyealikwa

Kama protini zina nguvu hivyo, mbona vyuma vinavyowekwa hospitalini havijapakwa fibronektini? Sababu ya kwanza ni ya jikoni: mvuke. Vifaa vya upasuaji husafishwa kwa joto la nyuzi 121 au 134, na joto hilo huifanyia protini kile ambacho sufuria hulifanyia yai.

Sababu ya pili ni kwamba seli-fundi si peke yake inayopenda fibronektini. Bakteria Staphylococcus aureus, adui mkubwa wa vipandikizi vya mifupa, ana protini maalumu za kuishikia. Mwaka 1987 daktari wa mifupa Anthony Gristina aliyaeleza yanayotokea kwenye kipandikizi kuwa ni mbio za kuwahi uso: zikitangulia seli za mwili, kipandikizi kimepona; akitangulia bakteria, hujenga ute mzito ambao dawa haziupenyi kwa urahisi. Anayetandika mkeka mzuri, basi, ajue kwamba ametandikia na mwizi.

Hapa ndipo herufi tatu za Ruoslahti zinapopata thamani mpya. Staphylococcus huishika fibronektini mahali pengine kabisa, mwanzoni mwa uzi, mbali na RGD. Ukiacha uzi mzima na kubandika kipande kifupi tu, unampa fundi ndoano yake na kumnyima bakteria ya kwake. Kipande kifupi pia hutengenezwa kiwandani, na hakina umbo kubwa la kuharibika kwa urahisi.

Lakini matokeo ya RGD kwa wanyama yamekuwa ya kupanda na kushuka. Sababu moja tumeshaiona kwa Vroman: damu ikifika, hutandika mkeka wake juu ya mkeka wako. Nyingine ni kwamba RGD ni ufunguo wa milango mingi, na seli zisizojenga mfupa nazo huutumia. Ndiyo maana wengine waligeukia kolajeni, protini ambayo mfupa wenyewe umejaa. Kipande chake cha asidi amino 15, kiitwacho P-15, kikabandikwa kwenye chembe za madini ya mfupa wa ng'ombe. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha bidhaa ya namna hiyo itumike kuunganisha pingili za shingo.

Sababu ya tatu ya kutovipaka vyuma fibronektini ni kwamba si kila chuma kinatakiwa kung'ang'ania. Msumari unaoingizwa ndani ya mfupa wa paja wa kijana aliyeanguka na bodaboda, kwa mfano ule wa shirika la SIGN unaotumika Tanzania na Kenya, ni wa chuma kisichoshika kutu, na kazi yake ni kuushika mfupa hadi ujiunge wenyewe. Huenda siku moja ukatolewa. Daktari aliyewahi kutoa bamba la titani lililokumbatiwa na mfupa anajua jasho lake. Jino bandia linataka ndoa. Msumari unataka mkataba wa muda, na mpako wa vitu hivyo viwili hauwezi kuwa mmoja.

Sekunde za mwanzo

Sasa twaweza kulijibu swali la Lund. Brånemark hakupaka chochote. Hakuwa na fibronektini, wala RGD. Hayo yote yalikuja miongo miwili na mitatu baadaye. Vikopo vyake vilifaulu kwa sababu oksaidi ya titani hupokea protini za damu bila kuziharibu sana. Damu ya sungura ilimtandikia mkeka, na mkeka ukawa mzuri.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya leo ni kuuandaa uso ili damu itandike vizuri. Titani iliyotoka kusafishwa hupenda maji. Ikikaa ghalani wiki nne, uchafu wa kaboni wa hewani huifunika ikaanza kuyakataa, na protini na seli huipokea kwa uvivu. Baadhi ya watengenezaji sasa huihifadhi ndani ya maji ya chumvi. Watafiti wengine huimulika kwa miale ya urujuanimno kabla ya kuitumia, na upendo wake kwa maji hurudi.

Daktari wa meno anayetumia skrubu ya namna hiyo huiona tofauti kwa macho. Tundu kwenye taya limejaa damu. Anaishusha skrubu, na kabla haijafika chini damu inapanda yenyewe juu ya meno ya skrubu, duara baada ya duara, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Mgonjwa amefumba macho, anasubiri yaishe. Huko chini, albumini imeshafika na inaanza kusogezwa.